Papa Amekwama Kwenye Supu

Tulipomaliza matanga ya Papa, kazi ya kupanga nguo zake niliachiwa mimi. Mama alikaa kitandani akielekeza: hii ya kanisani mpe mjomba wako, hii weka, hii imechakaa, tupa. Nilipofika kwenye koti la bluu, lile alilokuwa akilivaa zamani kwenye ghala la magodoro kule Mobeni na ambalo alikataa katakata kulitupa, nikapapasa mifuko, kama mtu anavyopapasa kabla ya kufua. Vidole vikagusa vikaratasi vidogo, vigumu. Nikavitoa nusu, nikaona ni nini, nikavirudisha haraka.

"Iko nini humo?" Mama akauliza. Macho ya mama yangu, jamani, hayajawahi kuzeeka.

"Hakuna kitu, Mama. Vumbi."

Vilikuwa vifuko vya chumvi, vile wanavyokupa wauza chipsi, na chumvi ilikuwa imeganda ndani ikawa vijiwe. Nimevificha kwangu, kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Tangu siku hiyo, mtu akisema mezani kwangu kwamba chumvi imepungua, namwangalia mara mbili.

Ninyi wenzangu mliokulia Durban mkiwa midomo ya wazazi wenu mtanielewa upesi. Mama alikuwa anasuka nywele saluni, na Kiingereza chake chote kilikuwa cha saluni: kaa, inama, imeisha, kesho. Kilichobaki kilikuwa changu. Nesi wa kliniki, mwalimu, mwenye nyumba anayelalamikia maji, wote walipita mdomoni mwangu. "Furaha, kuya hapa. Huyu anasema nini?" Papa Kiingereza alikijua kiasi, lakini Papa alikuwa kazini, kwa hiyo alinipa sheria moja tu. "Ukitafsiri, sema kile mtu amesema. Usipunguze, na usitie chumvi." Nilikuwa sijamaliza hata shule ya msingi, na sheria hiyo niliishika kama zile za Musa.

Tulipanga Glenwood, kwenye nyumba kubwa ya zamani yenye sakafu ya mbao iliyokuwa inamsema kila anayepita. Sisi tulikuwa na chumba cha mbele. Chumba cha pili alikaa Da Mwanaidi, mwanafunzi wa chuo kikuu, Mtanzania wa Tanga, na jiko lilikuwa letu sote. Mimi nilimpenda. Mama hakumwamini, na sababu yake ya kwanza ilikuwa Kiswahili chake. Sisi wa Uvira tukitaka kijiko tunasema leta kijiko. Da Mwanaidi alisema, "Mama Furaha, samahani, naomba unisaidie kijiko, kama hutojali." Mama alimpa kijiko, kisha akaja chumbani akaniambia kwa sauti ya chini: "Mtu anabembeleza hivi kwa kijiko tu, akitaka kitu kikubwa atafanya aje?"

Mwaka ule ndio Papa alipata kazi ya msaidizi wa dereva wa lori. Walipakia magodoro Mobeni, wakayapeleka kwenye maduka ya miji ya juu, njia ile inayopanda milima kwenda Pietermaritzburg. Kazi nzuri, tulishukuru, tukatoa na ushuhuda kanisani. Kisha siku moja alikwenda kumwona rafiki yake kule Isipingo, wakamchomolea simu pale stendi ya teksi. Akasema atanunua nyingine mambo yakikaa sawa, na kwa sasa akichelewa ofisi itampigia Mama. Mama akasema sawa. Baadaye nikamsikia akijiuliza mwenyewe huku akifua, "Simu imeibiwa. Mais, lakini kofia haikuibiwa."

Ofisi ilipiga jioni moja, jua bado linawaka. Alikuwa mwanamke, sauti ya kucheka-cheka, akaniita mpenzi ingawa hatujawahi kuonana. Akaniambia nimwambie Mama kwamba Papa atachelewa, huko mlimani ni "pea soup", hawawezi kusogea hata hatua. Mimi nikasikia pisupu.

"Anasema nini?"

"Anasema Papa atachelewa. Amekwama kwenye pisupu."

"Pisupu njo nini?"

Supu nililisikia, hilo halikuhitaji mkalimani. Hiyo "pi" niliwahi kuiona dukani, kwenye mifuko ya punje za kijani, lakini jina lake la Kiswahili sikulijua. Mama alikuwa anasonga fufu, hawezi kuacha mwiko. "Enda uulize," akasema.

Jikoni nikamkuta Da Mwanaidi. Nikamuuliza vile vitu vya kijani, vya mviringo, vinaitwaje.

"Njegere!" akasema, akafunua sufuria yake. "Hizi hapa. Nimeziunga na nazi. Onja, mwanangu."

"Na supu yake?"

"Supu ya njegere?" Alicheka mpaka akashika meza. "Supu ni ya mbuzi, ya kuku, ya makongoro. Njegere unaunga na nazi, unalia wali. Nani kakudanganya?"

"Iko mwanamke kwenye simu."

"Basi huyo hajui kupika, maskini."

Nikarudi chumbani nikitafuna. "Pisupu ni supu ya njegere," nikamwambia Mama. "Petit pois. Zile Da Mwanaidi anapikaka." Sheria ya Papa niliitimiza vizuri kabisa: sikupunguza wala sikuongeza. Mama akauacha mwiko wima katikati ya fufu, akanitazama mdomo.

Mimi nilikuwa na yangu kichwani. Mobeni nilikuwa nimeshapita, najua kule kuna viwanda vya kila namna; ukipita hapa unanusa biskuti, pale unanusa hamira, mbele unanusa rangi. Nikaamini kuna kiwanda cha supu mahali huko juu, na bomba lake huwa linapasuka jioni. Nikaona barabara imejaa supu ya kijani hadi kwenye magurudumu, na Papa amesimama juu ya magodoro, amekunja suruali. Nilimhurumia sana, lakini pia nilisikia njaa.

Papa aliporudi, giza limeshaingia, Mama alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Pole na kazi."

"Asante. Eish, ukungu ya leo ilikuwa mbaya."

"Ukungu." Mama alilitamka polepole, kama mtu anayehesabu meno ya mbuzi sokoni. "Mimi leo nimeanika mashuka, yamekauka kabla ya saa sita."

"Huku iko jua, kule iko ukungu. Njo milima hiyo."

"Mimi nimezaliwa milimani, Papa Furaha. Ukungu ya kwetu inaondokaka na jua. Hii yako inakuja na jioni."

Papa akacheka, akadhani ni utani. Mama akamwekea fufu na sombe, majani ya muhogo. Akala kidogo, akasukuma sahani. Akasema wamekula mkate njiani, ameshiba kidogo. Masikini Papa, hakujua alichokisema. Mama alichukua shati lake, akalinusa kwapani, akalinusa kifuani, akalitupa kwenye beseni.

Simu zikaendelea. Yule mwanamke kila siku alikuwa na chakula kingine, na mimi nilimpelekea Mama kila kitu kikiwa cha moto. Siku nyingine akasema leo ni uji, mzito, huoni hata mkono wako. "Uji?" Mama akaruka. "Papa yako amezaa?" Siku nyingine akasema kastadi. "Na vitamu pia wanakula!" Siku nyingine akasema leo unaweza kuikata kwa kisu cha mkate ukaipaka kwenye tosti. Hiyo ilinitatiza, nikamwomba arudie, akarudia huku anacheka. Mama aliposikia kicheko hicho kinatoka kwenye simu, akakaa chini.

Sasa nyumba ikaingia ugonjwa wa kushuku. Mama alihesabu moyoni siku ambazo Da Mwanaidi alichelewa kurudi kutoka maktaba. Akisikia mbao za ukumbini zinalia, ananyamaza katikati ya neno. Alinituma jikoni nikaangalie leo anapika nini, na mimi nikaenda, nikajifanya natafuta kiberiti. Akipika njegere, Mama anasema, "Umeona?" Akipika maharage, Mama anasema, "Anajificha."

Siku moja wakakutana wenyewe jikoni, na mimi nikiwa mlangoni.

"Mwanaidi," Mama akaanza, "hizi njegere zako unapikiaga nani?"

"Nani tena, Mama Furaha? Tumbo langu."

"Sufuria kubwa hivi?"

"Napika leo nakula na kesho. Karibu basi, kama una hamu."

"Hapana, aksanti. Nyumbani mwangu kuna mtu anashibaka nazo."

Da Mwanaidi alibaki ameshika mwiko, ananitazama mimi nimtafsirie. Lakini hiki kilikuwa Kiswahili kwa Kiswahili, na kazi yangu haikufika huko.

Kwa Papa ndiyo hakuuliza kabisa. Mama hakuwa mtu wa kukunja swali na kulileta mbele ya mtu. Alilitupa pembeni ulikanyage mwenyewe. "Supu ilikuwa tamu?" "Supu gani?" "Waulize wenye supu." Papa alikuwa na kiburi chake cha kimyakimya, na uchovu juu yake, na nadhani alifikiri Mama amechoka naye. Usiku, wakidhani nimelala, hawakugombana hata. Ningependelea wagombane.

Kisha nikamsikia Mama kwenye simu na dada yake wa Cape Town. "Nitakuja na mtoto," alisema. "Hapana, yeye atabaki. Wapo wa kumlisha." Sanduku likatolewa chini ya kitanda, likafutwa vumbi, likaachwa pale wazi. Nilipiga hesabu za kitoto: kama ningepata kujua nani anampikia Papa, ningemwendea nimwambie aache, na sanduku lingerudi chini ya kitanda.

Jioni ya mwisho ofisi ilipopiga, sikupata nafasi ya kutafsiri. Nilisema tu halo, nikasikia, na uso wangu ukanisaliti. "Ni pisupu tena?" Mama akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akaninyang'anya simu, akakusanya Kiingereza chake chote cha saluni, akakimimina: "You! Tell him eat. Finish. Sleep there. Tomorrow also sleep!" Akakata.

Papa hakurudi usiku ule. Wala uliofuata. Mama alisema, "Nilijua," na akaendelea kukunja nguo, lakini alikunja gauni lilelile, akalikunjua, akalikunja tena. Chakula hakikuwa na ladha siku hizo, na hakuna aliyelalamika. Cha kunishangaza ni kwamba Da Mwanaidi alikuwa nyumbani jioni zote hizo, analalamika panya. Nikamwambia Mama, "Yeye iko hapa." Mama akasema, "Basi iko mwingine," na hapo ndipo nilipomwona ameogopa kweli.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa Ijumaa. Basi la Cape Town lilikuwa la jioni, kwa hiyo nilipelekwa shule kama kawaida, nikaage. Tulikuwa tunajifunza tahajia. Nje kulikuwa kumeanza kuwa kweupe kutoka upande wa bandari, mimi sikujali, nilikuwa nawaza lile sanduku. Mwalimu wetu alikwenda dirishani, akasema leo hakuna kucheza uwanjani, oneni wenyewe, ni pea soup huko nje.

Nilisimama bila ruhusa. "Ma'am," nikasema, "nani ameipika?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nikakimbilia dirishani kumtafuta mpishi. Hakukuwa na uwanja. Hakukuwa na geti, wala ule mjakaranda ulioanza kumwaga maua. Kulikuwa na weupe mtupu umesimama hadi kwenye kioo, na sauti ya gari linalopiga honi polepole, halionekani. Mwalimu akaja akaniwekea mkono begani, akanieleza kwamba ni usemi tu, Waingereza ukungu ukizidi wanasema hivyo, supu ya njegere, wengine wanasema uji, kila mtu na sufuria yake. Hamna anayekula.

"Hamna anayekula?" nikauliza.

"Hamna, mwanangu."

Nililia mbele ya wote, na sikuona aibu. Wakati wa kutoka nikakimbia, nikashika kuta za watu kwa mkono ili nisipotee, hadi nyumbani. Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku.

"Mama, pisupu ni ukungu."

"Nani amekuambia?"

"Ma'am. Na uji ni ukungu. Na kastadi. Zote ni ukungu, Mama! Tazama nje!"

Mama akatoka barazani. Nyumba ya ng'ambo ya barabara haikuwepo. Akanyoosha mkono, akaangalia vidole vyake mwisho wa mkono. "Ukungu wamekosa jina lake mpaka waibe la chakula?" akasema. "Hawa watu hawana adabu." Kisha akakumbuka alichosema kwenye simu, maana nilimwona akijishika mdomo. "Nilimwambia alale huko. Furaha. Nilimwambia na kesho pia."

Aliingia jikoni. Da Mwanaidi alikuwa anakunywa chai. Mama hakuomba msamaha, hajui inavyofanywa. Alisema, "Mwanaidi, samahani, naomba unisaidie njegere, kama hutojali." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, Kitanga kitupu. Da Mwanaidi akaondoka, akarudi na mfuko wa njegere na kopo la nazi. Wakapika pamoja. Mmoja alikata vitunguu, mwingine akakoroga, na mimi nikasikia Da Mwanaidi akicheka ghafla kwa nguvu, "Mimi? Na Papa Furaha? Na vile anavyokoroma? Namsikia ukutani!" na Mama akicheka pia huku anapenga kamasi.

Tukaifunga sufuria kwa kitenge, tukapanda teksi kwenda Mobeni, ukungu unaanza kupasuka. Mlinzi wa geti la ghala akamwita Papa. Alikuja na koti lake la bluu, ndevu zimeota, akasimama mbali kidogo.

"Ulilala wapi?" Mama akauliza.

"Hapa. Kwenye magodoro, pamoja na walinzi. Si ulisema nilale huku?"

"Na weye ukalala!"

"Ulisema na kesho pia."

"Papa Furaha, nikisema ruka kwenye moto, unaruka?"

Macho ya Papa yalikuwa yamejaa maji, na ya Mama pia, kwa hiyo wote wawili wakaitazama sufuria. Tukakaa kwenye ukingo wa saruji nje ya geti. Mama akafungua kitenge. "Supu yako," akasema. Papa akala kijiko cha kwanza kwa njaa ya mtu aliyekula mkate siku nyingi. Akala cha pili. Kisha akasema, kwa upole kabisa:

"Chumvi imepungua kidogo."

Mama akageuka. "Imepungua kuliko ya nani?"

Mama akamnyang'anya kijiko, akaonja mwenyewe. Kweli, haikuwa na chumvi hata chembe. Wanawake wawili jikoni, na kila mmoja alidhani mwenzake ametia. "Furaha," akasema, "enda uombe chumvi ofisini."

Mlinzi akanionyesha mlango. Niliijua sauti ya yule mwanamke wa simu kabla hajamaliza kusema ingia. Kichwani nilikuwa nimemtengeneza mzee, mnene, mwenye miwani, kwa sababu ya vyakula vyote vile. Hakuwa mzee. Alikuwa na kipini cha dhahabu puani, rangi ya mdomo, na harufu nzuri iliyojaa chumba kizima. "Wewe ndiye mpenzi wangu wa simu!" akasema. Nikaomba chumvi. Akafungua droo, imejaa vifuko vya chumvi vya chipsi, akanijazia kiganja.

"Chukua nyingi," akasema. "Bila chumvi baba yako hali."

Nilisimama pale nikimtazama. Watu wanaofanya kazi pamoja hula pamoja, hilo nalijua leo, na pengine nililijua hata siku ile. Mtu anaweza kumwona mwenzake akitia chumvi kwenye chipsi. Pengine ofisi nzima ilijua. Nikasema asante, nikarudi nje polepole, chumvi imeanza kulowana mkononi.

Walikuwa wamekaa karibu sasa, goti kwa goti, wanakula kwa kijiko kimoja. Mama hakuinua kichwa.

"Huyo wa simu," akasema, "ni mzee ama kijana?"

Papa aliacha kutafuna. Alinitazama kama mtu anayesubiri kusikia jina lake likiitwa. Yeye ndiye aliyenipa ile sheria.

"Mzee," nikasema. "Mzee sana, Mama."

"Na amesema nini?"

"Amesema karibuni."

Mama akaridhika, au akaamua kuridhika. Akachana kifuko kimoja kwa meno, akakimimina kwenye sufuria, akakoroga. Papa akanyoosha mkono wake kwangu, nikampa vilivyobaki, akavitia mfukoni mwa koti.